Tulilipa, lakini tableti inakatala: lisansi ya aplikasio mu profili ya kufungwa

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kugawa. Tulikuwa chini ya hema pembeni ya shimo, kwenye barabara ya Manguredjipa: wachimbaji kumi na mumoja, PDG wa shimo, mama wawili twangeze, mununuzi na mizani yake, na siye watu wa komite na tableti yetu. Kila mutu alikuwa anangojea kusikia gramu zake za majuma matatu. Sekreteri wetu akagusa rejista. Badala ya majina, yakatokea maneno ya Kifaransa: lisansi haikupatikana, tafazali nunua aplikasio.

Kununua mara ya ngapi? Tulikwisha kulipa. Dola saba, kwa kadi ya benki ya mwenzetu mumoja, na karatasi ya malipo tuliichapisha hapa Butembo, iko mu kabati ya bilo paka leo. Sekreteri akafunga, akafungula tena. Akazima tableti, akaiwasha. Maneno ni yale yale. Mununuzi akatoa kaye yake mu mufuko, akasema polepole: "Wazee, kama mashini yenu imekufa, kaye yangu haikufe. Tusome hii."

Kaye yake tulikuwa tunaijua. Ndiyo kaye iliyotufanya tutafute tableti.

Tunaandika haya juu komite zingine, kule Beni na huku Lubero, nazo zimeanza kuandika gramu mu tableti, na tumekwisha kuletewa shida hii zaidi ya mara moja: kwa mwenye tableti aplikasio inafunguka, kwa mwingine inakatala, na makuta yalilipwa. Si shida ya wachimbaji peke yao. Mama aliyelipa aplikasio ya hesabu kwa ajili ya mutoto wake, halafu akamufungia mutoto profili ili asiingie mu mambo mengine, atakutana nayo vilevile.

Juu ya nini tulifunga profili

Tableti ile tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mwanzo ilikuwa wazi kwa wote. Muchana inaandika gramu, usiku vijana wa kambi wanaangalia filamu. Mega zinaisha, batri inaisha, asubuhi sekreteri anatafuta nani ana panneau ya kuchaji. Hayo tuliyavumilia. Lakini siku moja tukakuta musitari wa mutu umefutwa. Nani aliufuta, hatukujua. Pengine ni kidole cha mutoto, pengine si cha mutoto. Mu kazi ya shimo musitari mumoja ni chakula cha nyumba, na mutu akianza kuwaza kama komite inamuiba, hakuna mukutano utakaomurudisha. Tena tangu sheria ya mines kurekebishwa mwaka 2018, muchimbaji anapashwa kuwa ndani ya koperative. Koperative bila kitabu safi ni jina kwenye muhuri tu.

Android ina njia ya kugawa tableti moja kwa watu wengi. Ilianza mwaka 2012 na Android 4.2: kila mutumiaji anapata nafasi yake, kama nyumba yenye vyumba. Mwaka uliofuata, na Android 4.3, wakaongeza chumba cha namna ingine, profili yenye mipaka. Mwenye tableti anachagua aplikasio gani zionekane mule, na zingine zote zinafichwa. Play Store haimo. Ndiyo wazazi wengi wanawekea watoto. Siye tukaona ni dawa yetu. Tukaweka rejista, kalkulatrisi na apareyi ya picha, basi. Kode ya mwenye tableti ikabaki kwa yule mwenzetu aliyelipa, na sekreteri akaenda shimoni na chumba chake kidogo.

Tulifurahi sana, majuma matatu.

Kosa letu

Sasa turudi chini ya hema. Watu wamesimama, jua limepanda, mununuzi amefungula kaye yake kwenye magoti. Kijana mumoja anayetengeneza simu mu kambi akaangalia tableti, akasema: "Bapapa, ile profili imeoza. Mufute, mutengeneze ingine, itapona." Mwenzetu mwenye kode alikuwapo. Akaandika kode. Tableti ikauliza kama tunakubali kufuta profili pamoja na vyote vilivyo ndani yake. Hatukusoma mupaka mwisho. Tuligusa ndiyo.

Profili mupya ilitengenezwa kwa dakika mbili. Rejista ikafunguka vizuri kabisa, bila kuomba lisansi. Na ilikuwa tupu. Jina hakuna, gramu hakuna.

Hili tunaomba mulishike mbele ya mengine yote, hata kama hamutasoma zaidi. Kila profili inaweka vitu vyake peke yake. Aplikasio yenyewe iko mara moja mu tableti, lakini yale unayoandika ndani yake yanakaa mu chumba cha aliyeandika. Ukibomoa chumba, unachoma na kaye zilizokuwa ndani. Aplikasio iliyokatala juu ya lisansi haijapoteza kitu: gramu zako ziko mule, zinangojea mulango ufunguliwe. Usifute profili. Usifute data za aplikasio. Usiondoe aplikasio ukisema utairudisha, juu ukiiondoa kwa watumiaji wote, data za wote zinaenda nayo. Acha ilivyo, andika ya leo kwenye karatasi, halafu utafute shida polepole.

Siye tulifanya kinyume, mbele ya watu kumi na mumoja.

Aliyelipa si tableti

Tulipofika Butembo tuliandikia mutu aliyetengeneza ile aplikasio. Anwani yake iko chini kabisa ya ukurasa wa aplikasio mu Play Store, na wengi hawajui kwamba inatumika. Alijibu siku ya nne, kwa upole, kwa Kifaransa cha shida kama chetu. Haya tunayowaeleza, sehemu kubwa tuliyajua kwa kumuuliza yeye, halafu tukayajaribu wenyewe mu bilo.

Ukilipa aplikasio kwa Play Store, haulipii tableti. Unalipia konti ya Google, ile anwani uliyoingia nayo siku ya kwanza. Google inaandika mu kitabu chake: konti hii ilinunua aplikasio hii. Tableti inaweza kuibiwa, kuanguka mu maji ya kalasho, kuuzwa. Konti ikiingia mu tableti ingine, aplikasio inarudi bila kulipa tena.

Sasa aplikasio nyingi za kulipa zina mulinzi ndani yake. Google ilianza kuwapa watengenezaji huyo mulinzi mwaka 2010. Ukifungula, mulinzi anauliza Play Store iliyo mu tableti: huyu alilipa? Play Store inachukua jina la konti, inauliza mashini za Google, na jibu linarudi likiwa na sahihi ili mutu asiligushi.

Mu profili yenye mipaka hakuna konti. Imejengwa hivyo makusudi: konti za mwenye tableti zinafichwa, ili mutoto asisome barua za baba yake wala asinunue kwa makuta yake. Kuna aplikasio zinazoandikwa kwa namna ya kuomba kuiona konti ya mwenye, lakini mutengenezaji anapashwa kuwa amewaza jambo hilo tangu mwanzo, na wengi hawaliwazi. Basi mulinzi anauliza nani alilipa, na hakuna jina la kutaja. Ni kama muchimbaji aliyeacha karata yake nyumbani. Kwenye barieri hawamuulizi kama anayo mu sanduku, wanamuuliza kama anayo mukononi.

Na yale majuma matatu tuliyofanya kazi bila shida? Mutengenezaji alikuwa ameweka siku 21 za kuvumilia, juu anajua kuna watu wanaofanya kazi fasi hakuna mutandao. Siku hizo zikipita bila jibu, mulinzi anafunga. Ndiyo maana profili mupya ilifunguka bila maneno: hesabu ya siku ilianza upya. Yule kijana wa simu hakudanganya. Aliona kweli kwamba imepona. Ingefungwa tena siku ya 22, labda siku ingine ya kugawa.

Si kila aplikasio ya kulipa ina mulinzi, na si kila mulinzi ana uvumilivu sawa. Mutengenezaji ndiye anachagua. Ndiyo juu ya nini, mu tableti moja, aplikasio mbili za kulipa, moja inafunguka mu profili ya kufungwa na ingine inakatala, na watu wanasema ni virisi.

Ginsi ya kutafuta shida iko wapi

Kwanza ingia mu profili ya mwenye tableti, mutandao ukiwapo, ufungule aplikasio pale. Kama inakatala hata pale, shida haiko mu profili. Angalia konti: tableti inaweza kuwa na konti mbili, na wewe ulilipa na ile ingine. Play Store inaonyesha orodha ya malipo ya kila konti, gusa picha ndogo ya konti uifuate. Angalia na tarehe. Tableti iliyolala bila batri siku nyingi inaweza kuamka ikifikiri iko mwaka mwingine, na tarehe ikiwa ya uongo mazungumuzo na Google hayapiti. Tulikwisha kuona mutu amezunguka na tableti siku mbili mujini, na shida ilikuwa tarehe.

Kama kwa mwenye inafunguka na kwa mwingine inakatala, umekwisha kujua: ni konti. Usipoteze mega kwa kuipakua tena.

Kuna jambo moja dogo la kuangalia mbele ya kubadilisha kitu. Aplikasio zingine zinauzwa vipande viwili: ya kwanza bule, ya pili ni ufunguo, na ufunguo ndio unalipwa. Ufunguo unaonekana mu orodha kama aplikasio ingine. Mwenye tableti, akitengeneza profili, anawasha ile ya kwanza na kusahau ufunguo, juu haujui ni wa nini. Wenzetu kutoka Beni walituletea tableti yao kwa hali hiyo. Walikuwa wamekuja safari nzima, na tulimaliza mbele chai yao haijapoa. Lakini kama ufunguo wenyewe una mulinzi, unarudi palepale, kwenye konti. Na kama malipo yalifanywa ndani ya aplikasio, yaani uliipata bule halafu ukalipa ili sehemu ingine ifunguke, nayo yanapita kwa konti. Mu profili yenye mipaka usiyategemee.

Njia iliyotusaidia ni kuachana na profili yenye mipaka na kumutengenezea sekreteri chumba kizima, mutumiaji kamili, halafu kuingiza mule konti ileile iliyolipa. Inaruhusiwa. Konti moja inaweza kuingia mu vyumba viwili vya tableti moja. Ukiisha kuiingiza, fungula Play Store ya chumba hicho, utafute aplikasio. Itaonekana kama imekwisha kununuliwa, hakuna kulipa mara ya pili. Weka, fungula mara moja mutandao ukiwa muzuri, ili mulinzi apate jibu lake. Hii tunaifanya mujini, mbele tableti haijarudi shimoni, juu kule mutandao unakuja na kwenda kama mvua. Na kama mu profili ya zamani kulikuwa na data, zitoe kwanza, siku aplikasio bado inafunguka: rejista nyingi zina kitufe cha kutuma kitabu chote kama faili moja. Data hazitembei zenyewe kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Mutumiaji kamili, kwa upande mwingine, hana ile mipaka. Ana Play Store, anaona barua za konti, anaweza kununua. Kwa hiyo mu Play Store tuliweka iombe modepasi kwa kila kununua. Mu konti tulizima kuleta barua, picha na namba za simu. Na kode ya chumba kile anaijua sekreteri na mutu mwingine mumoja, basi. Kuhusu filamu, tumekubali kwamba hatutazishinda.

Wengine walituuliza juu ya kubandika ekrani. Iko mu Android tangu 5.0, mwaka 2014: unabaki mu profili ya mwenye, mulinzi anaona konti, na aplikasio moja tu inabaki mbele, kutoka kunaomba kode. Kwa mutoto anayesoma saa moja jioni, inatosha, na tungemushauri kila muzazi aanze na hiyo. Kwa rejista inayolala shimoni juma nzima, hapana. Batri ikiisha, kubandika kunaisha. Tableti ikiwaka tena inaomba kode ya mwenye, na mwenye yuko Butembo.

Kuna pia mupango wa familia wa Google, ulioanza mwaka 2016, wa watu sita pamoja na aliyeufungula, ili wagawane aplikasio zilizolipwa. Lakini kila mumoja anaingia na konti yake. Profili isiyo na konti haimo mu familia hiyo.

Aplikasio iliyovunjwa

Mu muji, kwa makuta kidogo, utapata mutu wa kukuwekea aplikasio "ya kufunguliwa", mulinzi ameondolewa. Tulipewa na siye. Kusema kweli, siku ile tulikuwa na hasira ya kutosha kuikubali.

Tulikatala kwanza juu ya data. Aplikasio iliyovunjwa haina tena sahihi ya mutengenezaji, na Android haikubali kuiweka juu ya ile ya kweli. Inaomba uondoe ya kweli kwanza. Ukiondoa, tumekwisha kusema yanayofuata.

Halafu juu ya usalama. Aliyeweza kuondoa mulinzi anaweza kuingiza kitu kingine, na wewe hautakiona. Rejista yetu ina majina ya watu, gramu zao, na siku watakayozichukua. Barabara ya Manguredjipa munaijua. Mwaka 2024 vita ya ADF ilifika mu secteur ya Bapere, watu wakakimbilia huku Butembo, na wengi wenu munaosoma haya muko na wageni mu nyumba tangu wakati ule. Orodha ya nani ana zahabu ngapi na anapita lini si kitu cha kumupa mutu usiyemujua ili kuokoa dola saba.

Na kuna la tatu, ambalo mu mukutano wengine walicheka. Yule aliyeandika aplikasio ni mufanyakazi. Kwa zile dola saba, Google inakata sehemu yake. Mwaka 2021 iliwekwa kuwa asilimia 15 kwa dola milioni moja ya kwanza ya mwaka, na zaidi ya hapo asilimia 30. (Asilimia 15! Muzee mumoja wa shimo aliuliza kama anaweza kwenda kuchimba kwa Google.) Siye wa sendika tunaolia kila siku juu ya makato ya shimoni, tutamukataje mutu yule yote?

Kama munaanza leo na hamujalipa kitu, kuna njia ya kuikwepa shida yote. Kuna aplikasio za bule zenye kode wazi, mu duka linaloitwa F-Droid, ambalo haliombi konti. Hazina mulinzi wa lisansi, zinafunguka mu profili yoyote. Watu wa misaada wanaokuja kuandika wakimbizi huku kwetu, wengi wanatumia KoboCollect, na hiyo pia haina lisansi ya kulipa: unatengeneza fishi yako ya maswali, unaijaza bila mutandao, unaituma ukiupata. Si nzuri kama rejista yetu kwa kugawa sehemu za kila mutu. Kwa kuandika jina, tarehe na gramu, inatosha.

Konti ilikuwa ya nani

Shida ya lisansi ilituonyesha shida ingine iliyokuwa imelala. Konti iliyolipa ilikuwa ya mwenzetu, ile anayoandikia shemeji zake Kampala na kuwekea picha za watoto. Alitusaidia kwa moyo muzuri, siku ambayo hakuna mwingine aliyekuwa na kadi ya benki. Lakini Google haihamishi ununuzi kutoka konti moja kwenda ingine. Akihama, lisansi inahama naye. Akisahau modepasi, komite nzima imesahau. Na mwenye profili ya kwanza ya tableti anaweza kufuta profili za wengine wote kwa kidole kimoja, tuliona wenyewe.

Tuliposema hayo mu mukutano, alikasirika. "Munaniita muizi?" Hapana. Siku nyingi tumewaambia wachimbaji wasiache gramu zao mu kaye ya mununuzi, hata mununuzi muzuri, juu kitabu cha watu kinapashwa kuwa mu mikono ya watu. Halafu siye wenyewe tukaweka kitabu cha watu mu konti ya mutu mumoja. Mwishoni yeye ndiye alikwenda na sekreteri kutengeneza konti mupya.

Mama wa hazina hakupenda. "Ndugu zangu, tulipe mara mbili kitu kimoja?" Tuligeuza neno hilo saa nzima. Dola saba ni dola saba. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza tulikuwa tumemulipia mwenzetu, na mara ya pili tu ndiyo tulilipia komite. Alitoa makuta, akaandika kwenye kaye ya hazina "lisansi, mara ya pili", na ile "mara ya pili" aliipigia musitari chini.

Sasa konti ina jina la komite, haina barua wala picha ya mutu. Modepasi iko mu bahasha mbili zilizofungwa na sahihi juu yake, moja kwa prezida, moja kwa mama wa hazina. Namba ya simu ya kurudisha konti ni ya kadi ya SIM ya komite, na kila mwezi tunaiwekea inite kidogo, juu namba isiyotumika mwisho inakatwa. Kila Ijumaa, fasi mutandao unapatikana, sekreteri anafungula rejista mara moja ili mulinzi apate jibu, halafu anatoa faili ya juma na kuituma Butembo. Jioni anasoma majina na gramu kwa sauti, na mutu mwingine anaandika mu kaye.

Yule mutu mwingine ni mumoja wa wale mama wawili twangeze. Siku ya hema, kelele zilipozidi, alitoa mu kitambaa chake kaye ya shule, ya kurasa 48. Kwa sababu yeye analipwa kwa beseni, alikuwa ameandika kila beseni aliyotwanga, ya nani, na gramu zilizotoka baada ya kuosha. Hakuwa ameandika ya wote. Wengine walipeleka mawe yao kwa mwenzake, ambaye haandiki. Lakini wachimbaji saba kati ya kumi na mumoja tuliwapata mu kaye yake, siku kwa siku, na mununuzi akaangalia, akanyamaza, akakubali.

Wanne waliobaki hatukuwa na kitu cha kuwaonyesha. Walisema gramu walizokumbuka, mununuzi akasema za kwake, na siku ile walilipwa za mununuzi. Tofauti kwa wote wanne ilikuwa gramu 3 na nusu, chini ya theluthi moja ya tola. Kosa lilikuwa la komite, si la mununuzi wala la tableti, na mukutano ulikubali hazina ilipe tofauti hiyo kwa sehemu tatu. Mbili zimekwisha kulipwa. Ya mwisho wataipata Jumamosi inayokuja, palepale chini ya hema.